Pua ya Mzee Waitara

Kuku wa mwisho aliliwa Jumatano. Boke alipofika Kisaka Ijumaa mchana, mtoto mgongoni na mumewe Method akisukuma pikipiki iliyopata pancha njiani, kitu cha kwanza kilichomgonga ni ukimya wa ua. Boma la mkwewe lilikuwa la kuku, tena kuku wasio na adabu, wa kupanda meza na kudonoa ugali wa watoto. Leo hapakuwa na hata mmoja wa kumfukuza.

Kitu cha pili kilikuwa kikohozi. Kilitoka dirishani kwa mzee, kikaanza kifupi na kikavu, kisha kikarefuka kama mtu anayeburuta gunia la mahindi sakafuni.

"Wifi, karibu!" Efrazia, mdogo wake Method, alikuja mbio na mikono iliyojaa unga wa mtama. Kesho ilikuwa siku yake. Wakwe wangetoka Matongo na ng'ombe wa mahari, wazee wa pande mbili wangekaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, na jua likizama Efrazia angekuwa mke wa mtu. "Nipe huyo mtoto. Mbona umesimama kama polisi?"

"Kuku wako wapi?"

"Si mdondo huo. Umewamaliza wote. Lakini hatukuwaachia fisi, tumekula nyama mpaka taya zinauma."

"Walikuwaje kabla ya kufa?"

"Wewe nawe! Hata maji hujanywa."

"Efrazia. Walikuwaje?"

Binti aliacha kucheka. "Walivimba vichwa. Upanga wa kichwani unakuwa mweusi kama umepakwa kiwi ya viatu. Miguuni madoa mekundu, kama wamechapwa fimbo. Asubuhi anakula vizuri, jioni chali."

Boke aliutazama tena ule ua mtupu. Mdondo aliujua tangu utoto, ulikuwa unapindisha shingo za kuku wa mama yake. Efrazia hakutaja shingo.

"Nani aliwachinja?"

"Baba. Sisi wanawake tumeanza kuchinja lini?"

Kule ndani mzee akakohoa tena.

Mafua ndiyo yaliyokuwa kazi ya Boke, na kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa amechekwa sana. Alizaliwa Matongo, akafeli kidato cha nne, akahamia kwa shangazi yake Nkende, mjini Tarime. Mchana aliuza maandazi, na jua likizama alikwenda darasa la jioni, kwenye chumba cha kupanga chenye balbu moja, akarudia mitihani yake kati ya mafundi cherehani na madereva wa bodaboda. Kutoka hapo akaenda chuo cha maabara, kisha Morogoro, kisha Mwanza, mpaka akawa mtu wa kuitwa kila mahali bata wa porini au nguruwe walipoanza kufa bila sababu. Siku alipopata shahada yake ya mwisho, mkwewe Mzee Waitara alitangaza mbele ya ukoo mzima: "Wenzetu wana daktari wa moyo, wana daktari wa macho. Sisi tumeoa daktari wa kamasi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Boke naye alicheka, akiangalia chini.

Lakini yeye alijua kitu ambacho wale waliocheka hawakukijua. Kirusi cha mafua hakina mila ya kuoa. Cha bata kinaweza kukutana na cha mtu ndani ya mwili mmoja, vikalala humo kama wapangaji wa chumba kimoja, na asubuhi kikatoka cha tatu ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Miaka yake yote ya kazi alikuwa anakilinda mlango huo usifunguke. Hakuwahi kufikiri kwamba ungeweza kufunguka nyumbani kwake.

Mama Gati, mkwewe wa kike, alitoka jikoni akijifuta macho kwa moshi. Walisalimiana.

"Mzee anaumwa tangu lini, mama?"

"Juzi. Homa tu, na mwili kuuma. Anasema ni vumbi la mnadani. Kesho atakaa na wageni, usiwe na wasiwasi."

Hapo sauti ikatoka dirishani, imekwaruza lakini ina furaha: "Huyo ni tata amefika? Nimemsikia! Mleteni tata wangu nimwone!"

Tata ni baba. Mtoto wa Boke, Brayan, alipewa na jina la Heche, jina la baba yake Mzee Waitara aliyekwisha kufariki, na tangu siku hiyo mzee hakumwita mjukuu wake kwa jina lingine. Alimpigia magoti, alimwomba ruhusa ya kuvuta tumbaku, alimshitakia watoto wake. Mtoto wa miezi minane, hajui hata kutambaa sawasawa, alikuwa baba wa mzee mzima.

Mama Gati alinyoosha mikono ampokee mtoto. Boke akarudi hatua nyuma.

"Mama, naomba mtoto asiingie humo."

Method aliacha tairi lake.

"Unamnyima baba mjukuu wake?" aliuliza polepole.

"Namnyima mpaka nijue anaumwa nini. Method, wale kuku hawakufa kwa mdondo. Naogopa ni mafua ya ndege. Na baba ndiye aliyewachinja wote, akawanyonyoa, akapasua matumbo. Kama yamempata, basi kesho atawakalisha wazee wa Matongo kwenye chungu kimoja naye, wanavuta na kukoholeana, halafu jioni wote wanarudi kwao. Unaijua Matongo. Unajua watu walivyobanana kule karibu na mashimo ya dhahabu."

"Kama. Kama. Una hakika?"

"Sina. Ningempima kuku mmoja ningejua. Mmebakiza nini?"

Efrazia alitazama jiko. "Hata manyoya tumechoma."

"Basi kilichobaki kipo mahali pamoja tu," alisema Boke. "Kipo puani mwa baba."

Efrazia akakaa chini palepale vumbini. "Na kesho yangu?"

Shughuli ya mahari haiahirishwi kama kikao cha shule. Ukimrudisha mkwe njiani na ng'ombe wake, anaweza kusema umeidharau nyumba yake, na ng'ombe wakishageuza vichwa, wengi hawageuki tena. Boke akiizuia shughuli bure, angekuwa amemvunjia wifi yake ndoa. Akinyamaza na hofu yake ikawa kweli, hakutaka hata kufikiri.

Alipiga simu. Mwenzake wa kazi, Joel, alikuwa bado Mugumu na gari la maabara na sanduku lao la barafu, anajiandaa kurudi Mwanza. "Nitapitia Kisaka," Joel alisema. "Lakini Boke, nipe sampuli ya maana. Usinipe mate."

Kwenye mkoba wake wa kazi zilibaki pakiti mbili za kipimo cha haraka. Kila moja ilikuwa na kijiti chembamba chenye pamba, kichupa cha maji ya pinki, na kibao kidogo kama kile cha kupimia mimba. Mstari mmoja, hakuna. Miwili, kipo. Kibao hakikujua kutofautisha mafua ya ndege na mengine ya kundi lake, hiyo ni kazi ya mashine za Mwanza, ila kingesema kama kuna moto au hakuna.

Shida ilikuwa mkono. Kijiti kile kinaingia puani mpaka nyuma kabisa, mahali ambapo machozi hutoka yenyewe, na pale bomani aliyejua kukiingiza alikuwa mmoja. Na huyo mmoja alikuwa mke wa mwana. Kwao mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haingii chumba anacholala, hamtazami usoni. Ni soni, heshima ambayo mtu anaivaa siku ya kuolewa na hazikwi bila hiyo. Boke alikuwa ameishi na mzee yule miaka mingi akimjua zaidi kwa viatu vyake.

"Usithubutu," Method alimwambia kabla hajafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Nimekuona unavyoangalia ule mlango."

"Acheni kunong'ona kama wezi!" Mzee alifoka kutoka ndani. "Nimesikia kila kitu! Daktari wa kamasi amekuja kuchukua kamasi. Mwambieni achukue za mtoto wake!" Akataka kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha haraka.

Mama Gati ndiye aliyenyoosha mkono. "Nipe hicho kijiti. Mimi ni mke wake."

Boke alimvalisha barakoa na glavu, akamwonyesha kwa kidole hewani. Kisha akasimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, akielekeza bila kuona. Brayan alikuwa amepelekwa mbali na Efrazia, kule kwenye ghala la mtama.

"Mwambie ainue kidevu, mama. Kijiti kilale, kisiende juu. Kifuate sakafu ya pua."

"Kimeingia."

"Bado. Endelea mpaka kikatae."

"Unataka kunitoa ubongo, Mama Gati?" mzee alilalamika.

"Tulia wewe. Kimeingia, mwanangu. Nimezungusha."

Kijiti kilitoka mlangoni. Boke alikitazama kwenye mwanga, moyo ukamshuka. Hata hivyo alifanya kazi yake: akakichovya, akakikamua, akadondosha matone kwenye kibao. Wote walisimama wakikitazama. Robo saa ilipita kama mtu anayetembea na mguu mbovu. Mstari mmoja ulijichora. Wa pili haukuja.

"Mmoja!" alipiga kelele Efrazia kutoka mbali, maana Method alikuwa ameinua kidole. "Ni mmoja!" Akapiga vigelegele, na jirani wa ng'ambo ya uzio, asiyejua hata kuna nini, akaitikia.

Method alimshika mkewe bega. "Umeona? Asante Mungu. Haya, njoo ule."

"Method, kijiti kimetoka kikavu."

"Nini?"

"Pamba ilikuwa kavu. Mama alimhurumia, akaishia mlangoni mwa pua. Kibao hakidanganyi, lakini kinasema juu ya kile ulichokipa. Tumekipa hewa."

Vigelegele vilikatika.

"Kipimo chako mwenyewe kimesema hakuna," Method alisema. "Chako, Boke. Umekibeba wewe kutoka Mwanza. Kikisema hakuna unakataa? Unataka baba augue?"

"Nataka nijue."

"Unataka uonekane!"

Neno hilo lilimwingia. Alijua lilitoka kwa hofu, hata hivyo lilimwingia. Ilikuwa rahisi sana kusema haya, tumepima, hakuna, njoo tule. Hakuna mtu Kisaka nzima ambaye angeweza kumlaumu baadaye. Alikitazama kibao kile na mstari wake mmoja mzuri, akakitia kwenye mfuko wa taka na kuufunga fundo.

Ilikuwa imebaki pakiti moja. Akimpa tena Mama Gati, mkono ule ule wenye huruma ungefanya vile vile. Method? Method hakuweza hata kumtoa mtoto mwiba.

Ndani, mzee alikuwa anahema. Boke aliisikia sasa bila kikohozi kuifunika, pumzi fupi fupi, za juu juu, kama za mtoto aliyekimbia.

Kule ghalani Brayan akaanza kulia.

"Tata analia," mzee alisema, na ile sauti ya kufoka ilikuwa imeisha kabisa. "Mpeni tata titi. Jamani, msimwache tata analia."

Boke alisimama. Matiti yake yalikuwa yamejaa na yakauma kwa kile kilio, lakini hakwenda ghalani. Alivaa barakoa, miwani na glavu, akachukua pakiti ya mwisho, akaenda mpaka kizingiti cha chumba cha mkwewe, mahali ambapo mguu wake haukuwahi kufika, akapiga goti hapo hapo.

"Boke!" Mumewe alikuwa nyuma yake.

"Baba," alisema Boke, macho sakafuni. "Naomba kuuliza swali moja tu, halafu nitaondoka."

"Uliza."

"Yule anayelia kule, ni nani wako?"

"Unamjua. Ni tata. Ni baba yangu, Heche."

"Aliyemzaa ni nani?"

Kitanda kililia mzee alipojigeuza.

"Mimi ndiye niliyemzaa, baba. Tumboni mwangu ametoka. Kama yule ni baba yako, mimi ni nani wako?"

Mama Gati alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Kitandani kitu kikaanza kutikisika, na Boke akadhani ni homa, kumbe mzee alikuwa anacheka, cheko lisilo na sauti, la mtu asiye na pumzi ya kulipia.

"Mura," alimwita mwanawe kwa neno lao la kijana. "Method. Umesikia huyu? Anasema ni bibi yangu."

"Nimesikia, baba."

"Ni uongo?"

Method alitazama dari, akatazama viatu vyake. "Si uongo, baba."

"Basi bibi," alisema Boke, "akimkuta mjukuu wake ana kamasi, anamwacha hivyo hivyo?"

"Sogea," alisema mzee. "Sogea kabla sijabadili mawazo. Na hicho kitambaa kimekuficha uso, afadhali."

Aliingia. Chumba kilikuwa na joto la mwili mgonjwa na harufu ya tumbaku. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa mkwewe kwa karibu, akashangaa jinsi alivyofanana na Brayan, paji lile lile, masikio yale yale. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya kijivu. Boke akamshika kidevu. Mkono wake, uliofanya kazi hii mara zisizohesabika, kwa watoto, kwa askari, kwa nguruwe, ulikuwa haujawahi kumgusa mkwe.

"Itauma kidogo, mjukuu wangu."

"Fanya, bibi."

Alifuata sakafu ya pua, taratibu, bila kurudi. Mzee akashika ukingo wa kitanda. Kijiti kikafika mahali pake, Boke akakizungusha, akasubiri, na machozi ya mzee yakamwagika yenyewe hadi masikioni. Pamba ilitoka imelowa, nzito.

Safari hii hakuna aliyesimama kukitazama kibao. Hawakuhitaji kusubiri pia. Mstari wa pili ulianza kujitokeza kabla maji hayajafika mwisho, mwekundu, mnene, bila aibu.

Boke alikibeba mpaka dirishani, akakiinua mzee akione. "Ni mafua ya kundi linaloitwa A, baba. Ya ndege yamo humo, na ya watu yamo humo. Mwanza watatuambia ni yapi. Lakini kesho..."

"Nipe simu," alisema mzee.

Aliweka sauti ya nje ili wote wasikie, asije mtu akasema baadaye ameongezewa maneno. Mkwe wake mtarajiwa, Mzee Thadeo wa Matongo, alipokea kwa kelele. Alikuwa amechimba dhahabu ujana wake wote, na kifua chake kilipiga filimbi hata kwenye simu.

"Waitara! Ng'ombe wameshaoshwa kama maharusi! Umeweka chungu kikubwa?"

"Thadeo, msije."

Filimbi peke yake ikasikika. "Unasemaje?"

"Naumwa. Ugonjwa wa kuambukiza. Nikikaa na wewe kwenye chungu nitakuua."

"Mafua haya ninayosikia unakoroma nayo? Mafua, Waitara? Sema binti amepata mwingine!"

Efrazia aliinamisha kichwa. Mzee alijiinua kwa kiwiko, akavuta pumzi kwanza, akaipata kidogo tu.

"Thadeo, nisikilize. Binti yupo, anasaga mtama mpaka sasa. Mimi nimekatazwa na bibi yangu."

"Bibi yako alikufa tukiwa wavulana!"

"Amerudi," alisema Mzee Waitara. "Tena amesoma." Akakata simu, akalala mpaka gari la Joel lilipoingia uani.

Joel alikichukua kichupa kwa mikono miwili, akakitia kwenye barafu. Mzee alipelekwa kwanza hospitali ya Mugumu, akawekwa chumba cha peke yake, akapewa hewa ya mtungi na dawa ya virusi. Boke alikaa nje kwenye benchi, barakoa usoni, akimpima Brayan homa kila alipokumbuka, na alikumbuka kila mara.

Simu ya Mwanza ililia Jumapili baada ya ibada.

"Siyo ya ndege," alisema Joel. "Ni mafua ya watu, yale makali. Sasa hivi yanazunguka kanda yote."

"Na kuku?"

"Kuku hatutajua kamwe, dada yangu. Mliwala."

Boke alilia hapo kwenye benchi, kwa ahueni, kisha ahueni ikageuka kitu kingine. Mafua ya watu. Alikuwa amerudisha ng'ombe wa Matongo kwa sababu ya mafua ya watu. Alikwenda kwenye dirisha la wodi kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu, akamweleza mzee kila kitu kupitia wavu, bila kupunguza.

Mzee alisikiliza, mpira wa hewa ukiwa puani. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kama aliyefunga mwezi.

"Kwa hiyo ni haya haya ya kawaida," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na yamenilaza hivi. Mimi, ambaye sijawahi kulala hospitali." Alihesabu pumzi. "Umekisikia kifua cha Thadeo kwenye simu?"

"Nimekisikia."

"Filimbi ile ni vumbi la mashimo. Hata akipanda ngazi ya kanisa anakaa katikati." Akafumba macho. "Nilikuwa nimemwekea mrija wake karibu na wangu. Kwa heshima."

Jioni ile mzee aliomba simu mwenyewe, akaongea na Matongo kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Alipomaliza alimwambia mkewe, "Mwambie Efrazia mtama usagwe upya. Watakuja. Thadeo anasema atakuja kwanza kumwona huyo bibi."

Mwezi uliofuata, asubuhi ya kupokea wakwe, Boke alifika Kisaka na vifaranga wawili kwenye kikapu, waliochanjwa, na mtoto mgongoni. Alisimama nje ya kizingiti, macho chini, mikono nyuma, kama mke wa mwana anavyopaswa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," sauti ilijibu kutoka ndani, nzima, haina mkwaruzo. Viatu alivyovijua vikasogea mpaka mlangoni, vikasimama kwa umbali wa heshima. "Mko salama? Haya, nipe tata wangu. Na wewe nenda kaonje chungu kabla wageni hawajafika. Kila mzee nimemwekea kikombe chake."